Biti ya Ukuta

Fundi wa mageti alikuwa na ulimi mkali kuhusu biti za drili. Mteja akija na biti ya ukuta eti atoboe chuma, alimwambia amebeba kijiko kwenda kuchinja ng'ombe. Yeye mwenyewe akinunua hakuuliza bei kabla ya kuipitisha ncha juu ya ukucha wake. Isiyokwaruza aliirudisha palepale.

Jumamosi alikwenda dukani kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe. Muuzaji akammwagia biti mezani. "Chagua, fundi." Akaokota iliyokuwa karibu na mkono, akaondoka.

Nyumbani aliikandamiza kwenye mlango wake wa chuma, drili ikipiga kelele mtaa mzima. Hakugonga alama kwa msumari, hakudondosha mafuta. Moshi ukatoka, ncha ikageuka rangi, tundu wapi! Akazidi kusukuma tu, kama kibarua asiyejua kazi ni ya nani.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu aliyekuja msibani na kesho yake angerudi kwao, akatoka jikoni akijifuta mikono. "Shemeji, hiyo si biti ya ukuta?"

Akaitazama ile ncha, pana kama koleo.

"Ni ya ukuta," alisema, wala hakuona haya.

"Na hapo nje unatoboa nini? Komeo si lipo ndani?"

"Naweka pete ya kufuli."

Miaka yote waliyokaa pale, mlango ule haukuwahi kuhitaji kufuli kwa nje. Kila alipotoka, ndani palibaki mtu.