Mume Wangu Anataka Nimtaje Mwanamume Aliyetoboa Kuta Zetu

Kwako msimamizi wa ukurasa huu, na kwenu wasomaji wenzangu. Jina langu naomba lisitoke, kwa sababu mtaa wetu hapa Eastlands, Nairobi, ni mdogo na watu wanasoma. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nafanya kazi katika kiwanda cha blanketi kule Industrial Area. Mume wangu ni dereva wa trela, huenda hadi Kampala na mbali zaidi, na miezi hupita kabla sijamwona. Mungu hajatujalia mtoto. Nikifunga mlango jioni, nabaki mimi na redio.

Tulipohamia nyumba hii ilikuwa kuta tupu. Mume wangu aliahidi kuweka rafu jikoni na vyuma vya mapazia, lakini kila akija alikuwa amechoka, akaniambia tungoje safari ijayo. Nilijaribu misumari, ikapinda, saruji ikamomonyoka, mapazia yakaanguka. Siku moja nikamwomba jirani, mtu mzima mwenye heshima zake, anisaidie kutundika pazia moja tu. Mkewe akaja akasimama mlangoni mpaka kazi ikaisha. Tangu siku hiyo tukikutana kwenye mfereji wa kuchotea maji alikuwa akigeuza uso. Nikaapa sitamwita mume wa mtu tena.

Ndipo nikaenda mjini kununua drili, ile mashine ya kutobolea ukuta. Muuzaji, mzee mmoja mpole, aliniuliza mbona sikuja na bwana, nikamwambia bwana yuko safarini. Akaniwekea mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa ya waya, nzito, akasema hiyo inakula hata jiwe. Nilipoijaribu ikanitetemesha mpaka begani, na kwangu soketi ni moja tu, iko sebuleni, waya usingefika chumbani. Ya pili ilikuwa ya betri, kitu kigeni, hata yeye alikuwa hajauza nyingi. Hakunificha. Alisema nguvu zake ni kidogo, betri inaisha upesi na inakawia kujaa, ila kwa mbao ni nzuri, na kwa ukuta wa matofali ya saruji itatoboa nikiwa na subira. Subira ninayo, nikajiambia, maana ndiyo kazi yangu katika ndoa hii. Nikaichukua hiyo ya betri. Mzee akanionyesha namna ya kufunga ncha ya kutobolea ukuta, kuishika isiyumbe, na kuitoa mara kwa mara ipoe.

Jumapili baada ya kanisa nilifanya mazoezi kwenye tofali lililovunjika nyuma ya nyumba. Mashimo ya kwanza yalikuwa mapana kama ya panya. Betri ikiisha naiacha kwenye soketi, nangoja Jumapili nyingine. Polepole mapazia yakapanda, rafu zikakaa, hata kioo cha chumbani nikakitundika. Nilikaa kitandani nikajitazama kwenye kile kioo, nikafurahi, kisha nikatamani kumwonyesha mtu. Sikuwa na wa kumwita. Nikasema basi, mume wangu ataona akija.

Aliyetangulia kuja ni shemeji yangu, kakake mume wangu, akileta mahindi kutoka kwao Machakos. Alikunywa chai akitazama kuta zote. Akauliza fundi ni nani. Nikasema ni mimi. Akacheka, akamaliza chai, akaenda zake. Maneno yakafika kwa mama mkwe, yakamfikia na mume wangu barabarani, kwamba kuna mwanamume anayeingia kwake, na amezoea nyumba mpaka anaweka rafu.

Mume wangu alirudi akiwa na kakake na mama yao, hata begi hakuliweka chini. Nikaleta drili, nikawaambia ngojeni niwaonyeshe. Mbele yao wote nikatoboa shimo kando ya dirisha. Lilitoka vizuri, limenyooka, saruji haikumeguka popote. Nikaamini mambo yamekwisha. Shemeji akainama, akapitisha kidole kwenye lile shimo.

"Mkono huu umefundishwa," akasema. "Shemeji, ni nani aliyekufundisha?"

Nikawaeleza habari za mzee wa dukani, nikatoka nje nikawaletea na lile tofali. Mama mkwe hakuligusa. Mume wangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huyo mzee alikufundishia dukani tu, au alifika hapa?" Ningeharibu shimo, ningekuwa mwongo. Nimetoboa vizuri, nimekuwa malaya. Waliondoka wote watatu pamoja.

Tangu hapo hajalala hapa. Nasikia akipita Nairobi anaegesha trela viwandani na kulala kwa rafiki, karibu kabisa na ninapofanya kazi. Majuzi alimtuma kakake. Eti amepata kazi ya kuendesha gari hapa hapa mjini, atakuwa akirudi nyumbani kila jioni. Hilo nimeliomba kwa Mungu tangu anioe. Sharti ni kwamba nimtaje huyo mwanamume na niombe radhi mbele ya mama yake. Shemeji alinipa maneno ya mume wangu kama alivyoyasema: "Mwambie ataje jina tu. Mimi nimeshamsamehe."

Nimelia juu ya neno hilo kuliko nilivyolia siku waliyoniacha. Jana kazini, mashine zikipiga kelele, nilijikuta nikitafuta jina la mwanamume ambaye hayupo, awe wa mbali, asiwe na mke wa kuumia. Nikajishtukia.

Nikilisema hilo jina, nitampata mume wangu kila jioni, lakini mwanamke atakayemkuta humu si mimi. Nikikataa, nabaki na ukweli wangu humu ndani, sina wa kuongea naye. Shemeji anakuja Jumamosi kuchukua jibu. Nyinyi mlio na waume na mlioachwa, nisaidieni: nimjibu nini?