Mbandika mabango aliyehamia migongoni mwa watu

Duka la dawa halijafunguliwa vizuri, lakini chumba cha pembeni tayari kina mgonjwa. Dereva wa lori amekalia kiti kinyumenyume, kifua kimeegemea pale penye kuegemea mgongo, shati analo mapajani. Nyuma yake amesimama mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mzee anapitisha kidole kiunoni mwa dereva, kisha anakiinua kidole kwenye mwanga na kukikagua.

"Umejipaka mafuta?"

"Kidogo tu, mzee. Si nimetoka kuoga?"

"Kidogo tu! Wote mnasema kidogo tu. Hapo plasta itateleza mpaka kwenye kiti cha lori, utingo aje aikalie. Kiuno chake kipone, chako kibaki vilevile."

Dereva anacheka, na kucheka kwenyewe kunamuuma. Mzee anachovya kitambaa kwenye maji yenye sabuni, anamsugua taratibu, anamsuuza, kisha anampepea na kipande cha boksi mpaka ngozi inakauka. Hapo ndipo anapotoa plasta ya joto kwenye pakiti. Anaikata pembe nne kwa mkasi ziwe mviringo, anaibana katikati ya viganja vyake ipate uvuguvugu, anabandua karatasi ya nyuma nusu, anaishusha. Anakandamiza kutoka katikati kwenda pembeni, akiitoa hewa yote, halafu anaweka kiganja juu yake na kutulia.

Mtaa mzima unamwita Bango. Wengine hawajui hata kwa nini. Wateja wake wengi ni vijana, na walipozaliwa mabango yenyewe yalikuwa yameshachanika.

Zamani mji huu ulikuwa na jumba moja la sinema, na jumba hilo lilikuwa na mbandika mabango mmoja. Kila filamu mpya ilipofika, Bango alipika gundi ya unga kwenye debe nyuma ya jumba, akabeba ngazi, ndoo na brashi ya mpini mrefu, akaanza safari ya kuta zake. Anazikumbuka zote. Ukuta wa kiwanda cha sabuni ulikuwa unatoa jasho. Ukuta wa soko ulikuwa na mchanga uliopukutika ukiugusa. Ukuta wa kituo cha mabasi ndio aliokuwa akiupenda, kwa sababu ulikuwa laini na watu hawakuwa na la kufanya ila kutazama.

"Nilikuwa natembea na msafara nyuma yangu, bwana," anasema, na uso wake unakunjuka. "Watu wazima na akili zao! Naanza na kipande cha chini makusudi, wanaona viatu tu. Wanabishana: hivi ni viatu vya yule jambazi, au vya bwana harusi? Mimi kimya. Napanda ngazi polepole. Uso nautoa mwisho kabisa. Siku zile mtu ukishika brashi unaheshimika."

Jumba lilifungwa siku nyingi. Sasa ni ghala la magodoro, na mahali palipokuwa na pazia la sinema yamepangwa magodoro mpaka darini. Bango akipita huwa anachungulia. Anasema harufu imebadilika, lakini ile sakafu inayoteremka kuelekea mbele bado ipo, na magodoro yote yameegemea upande mmoja kama watazamaji waliosinzia.

Baada ya hapo alipaka rangi mageti, akabeba mizigo, akakaa nyumbani. Kilichomleta kwenye plasta ni mkewe.

Mke wake anaitwa Tiketi, na huyu hahitaji kuelezewa sana kwa wazee wa mji. Ndiye aliyekaa ndani ya kile kidirisha cha jumba la sinema, ujana wake wote, akiinama kwenye tundu dogo la nondo na kunyoosha mkono wa kulia: pesa inaingia, tiketi inatoka. Neno lake lilikuwa moja tu. "Wangapi?"

Bango alikuwa na ruhusa ya kuingia bure. Hata hivyo kila wiki alipanga foleni na kulipa.

"Nilimwona mjinga," anasema Tiketi, mama mwenye mwili na sauti ya kukata kelele. "Mtu anaingia bure, anakuja kupoteza hela dirishani kwangu. Namuuliza wangapi, anasema mmoja, anaondoka. Wiki ijayo tena, mmoja. Siku hiyo namuuliza wangapi, akasema wawili. Nikachungulia nyuma yake, simwoni mtu. Nikamwambia, wa pili yuko wapi? Akasema, wa pili ndiye huyo anayeuliza."

"Akanifungia dirisha," anaongeza Bango.

"Nikamfungia dirisha. Foleni yote ikaanza kupiga kelele. Lakini tiketi zake mbili nilikuwa nimeshazikata, na filamu tulikwenda."

Zile nyakati za kuinama na kunyoosha mkono zimemwachia Tiketi maumivu nyuma ya bega la kulia, yakishuka mpaka mbavuni. Hospitali walimpima, wakamwelekeza mazoezi na plasta za kutuliza maumivu. Mazoezi anayafanya akinung'unika. Plasta zinamsaidia kweli, ila hazikai.

Ilikuwa siku Bango alipokuja kulalamika dukani kwamba ameuziwa plasta mbovu ndipo muuza dawa, mwanamke mpole asiyejua kupandisha sauti, alipomwambia kuwa malalamiko hayo anayapata kila siku. Kuna mshonaji aliyebandika plasta juu ya fulana. Kuna mwalimu mstaafu aliyeifunga kwa kamba akilalamika haina joto, kumbe karatasi ya nyuma hakuibandua.

"Nikamwambia, mwanangu, kubandika ni kazi," anasema Bango. "Niachie mimi."

Muuza dawa akampa chumba kilichokuwa stoo, kiti kimoja na ndoo. Masharti akaweka yeye: mwenye kidonda, upele au dawa ya hospitali aonane naye kwanza kabla ya Bango kumgusa, na plasta itolewe kwa muda ulioandikwa, hata kama bado imeshika.

Mwanzo haukuwa mzuri. Bango aliwafanyia watu kama kuta. Karatasi ya bango huvutwa ikae kama ngozi ya ngoma, kwa hiyo plasta nayo akaivuta kwa nguvu zote. Siku hiyo mshonaji alirudi kabla ya jioni, kingo zimebanduka na ngozi imekuwa nyekundu pande zote mbili.

"Mzee wangu, ukuta haupumui," muuza dawa alimwambia kwa upole wake. "Usiivute plasta. Ngozi ndiyo inayovutika. Mtu wa goti mkunje goti kwanza, ndipo uilaze."

Bango aliona aibu, akajifunza upya. Leo watu kumi au zaidi hupita mikononi mwake kwa siku, na kila mmoja anaacha bei ya soda. Akipiga hesabu anasema ni soda nyingi kuliko alizowahi kunywa. Anawafundisha pia: usioge mara tu baada ya kubandikwa, usivae nguo ya kubana juu yake, kesho ihamishie pembeni kidogo ngozi ipumzike. Na ukitaka kuitoa, hapo sasa paka hayo mafuta yako uyapendayo, itaachia bila kukung'oa vinyweleo.

Mgongo mmoja tu ulimshinda, nao ni wa nyumbani kwake.

Aliuosha, akaukausha, akaipasha plasta joto, akazungushia utepe wa kitambaa. Ikifika mchana, imejikunja. Tiketi mwenyewe hakusaidia. Kila alipotaka kubandikwa alikaa wima, mabega nyuma, kidevu juu, kama anayepigwa picha ya pasipoti. Bango alipomwomba ainame kidogo, jibu lilikuwa lilelile.

"Nimeinama ujana wangu wote kwenye lile tundu. Siinami tena. Bandika."

Mwaka jana Tiketi alijaribu kusafiri kwenda kwa binti yao wa pekee, mji wa mbali, basi la kutoka asubuhi mpaka jioni. Plasta ilibanduka hata nusu ya njia hawajafika. Maumivu yalimshika mpaka akashushwa kwenye kituo kisicho chake, akakaa kwenye benchi akilia, akapanda basi la kurudi. Binti alikuwa ameshampikia.

Sasa binti huyo amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mumewe yuko kazini mbali, nyumba ni chumba kimoja, na kila akipiga simu sauti yake iko chini kuliko jana. Tiketi amekata tiketi ya basi. Bango hawezi kufuatana naye; hakuna hata pa kumlaza. Na Tiketi hawezi kujibandika mwenyewe nyuma ya bega.

"Ikibanduka safari hii, sipandi basi tena maisha yangu," alimwambia mumewe. "Mjukuu nitamwona kwenye simu."

Bango anasema maneno hayo yalimkosesha raha kuliko siku jumba lilipofungwa.

Siku moja kabla ya safari, Tiketi anapita dukani akitokea sokoni. Plasta amebandikwa asubuhi kwa majaribio. Anamsalimia mumewe mlangoni, kisha anakwenda kwenye dirisha la duka, lenye nondo na tundu la kupitishia dawa, kununua plasta za kubeba. Anainama. Ananyoosha mkono wa kulia kupitia tundu.

Bango, aliyekuwa akisuuza kitambaa, anasimama ghafla. Kupitia kitambaa chepesi cha gauni anaona plasta ikipandisha ukingo mmoja, kisha wa pili.

"Tiketi! Usitoe mkono!"

"Kuna nini? Nyoka?"

"Hebu vuta tena. Nyoosha tena. Kwenye basi ulikuwa umekaaje?"

Tiketi anafikiri, mkono ukiwa bado ndani ya tundu na muuza dawa akiwa ameushikilia upande wa pili kwa mshangao. "Nilikuwa nimeshikilia kiti cha mbele. Barabara mbovu ile, ungeshika nini?"

"Hivyohivyo? Mkono mbele?"

"Hivyohivyo."

Bango anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anavua miwani. Kila mtu wa goti alimkunja goti, na mkewe wa miaka yote alimwacha akae wima kwa kuwa aliogopa kubishana naye. Ngozi ya bega hilo inatulia Tiketi akikaa kama picha, lakini Tiketi haishi kama picha. Akishika sufuria, akishika kiti, akimpokea mtoto, mkono unakwenda mbele na ngozi inavutika kuiacha plasta nyuma.

"Mama," anasema, na sauti yake imeshuka. "Naomba uiname. Mara moja tu. Kama zamani."

Tiketi anachomoa mkono kwenye tundu. Halafu anaingia chumbani, mlango unafungwa nusu, muuza dawa anafuata na kitambaa. Tiketi anakikalia kiti kinyumenyume. Anainama. Mkono wa kulia anaupitisha kwenye pengo la mbao za kiti, kiganja juu, vidole wazi, na hakuna aliyemwelekeza.

Bango anaosha, anakausha, anapasha. Anailaza plasta juu ya ngozi iliyovutika, bila kuivuta yenyewe hata kidogo. Anaanzia katikati. Kiganja chake kinakaa pale muda mrefu kuliko kinavyokaa kwa dereva yeyote wa lori.

"Wangapi?" anauliza Tiketi, uso ukiwa umeegemea kiti.

Bango anafuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ina kazi.

Plasta ile ilikaa hadi muda wake wa kutolewa. Ilivumilia kufua, kupika na kufunga mizigo. Asubuhi ya safari akambandika nyingine vilevile, kiti kilekile, na basi likaondoka na Tiketi dirishani, mkono wa kulia umeshika kiti cha mbele.

Siku hiyo Bango alifanya kazi vibaya. Muuza dawa anasimulia kwamba alimsugua fundi viatu mara mbili kwa sabuni, na simu aliiweka mfuko wa shati ili asiikose. Jioni ilipolia, aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

Hakumuuliza kama amefika. "Imeshika?" aliuliza.

"Imeshika, na mtoto amenilalia hapohapo begani," Tiketi alisema. "Nitaitoa baadaye, sasa sitaki kumsogeza. Bango, ana paji la uso lako, maskini. Ngoja umsikie anavyopumua."

Bango akaweka simu sikioni, akasikiliza. Muuza dawa anasema aliwaashiria wateja wawili wakae kimya, nao wakakaa kimya.

Binti yao ameshajifunza jinsi ya kumwinamisha mama yake na kulaza plasta. Tiketi atakaa huko mpaka mtoto apate nguvu. Lakini Bango ameshakwenda kituo cha mabasi, kilekile chenye ukuta aliokuwa akiupenda, ambao sasa umepakwa tangazo la simu. Amepanga kumfuata, amwone mjukuu, alale hata chini ya meza usiku mmoja.

Dirishani, kijana wa kukata tiketi hakuinua hata macho.

"Wangapi, mzee?"

"Kwenda, mmoja," akasema Bango, akainama kwenye tundu ili asikike vizuri. "Kurudi, wawili."