Darweshi na Taa ya Mgongoni

Darweshi, fundi wa magari hapa Lushoto, ana ugonjwa, na ninautaja wazi kwa sababu yeye mwenyewe anaona ni akili. Ukimpelekea baiskeli imekatika mnyororo, hafungi mnyororo kwanza. Anakuuliza baiskeli hii ilipotoka dukani ilikuwa na kengele ya namna gani. Unamwambia fundi, mimi nataka kwenda Soni. Anakuambia Soni haihami. Mkewe, Hamida, aliwahi kumpa sufuria iliyotoboka aizibe. Akakaa nayo siku nne anatafuta ni nani aliyeiziba mara ya kwanza, na siku hizo nne walikula kwa jirani.

Kazi zake zote alikuwa anazifanyia kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, chini ya bati linalovuja. Mvua ikipiga huku anavuta gunia lake la spana kule, ikipiga kule analirudisha huku. Mara tatu aliomba kiwanja karibu na soko ajenge banda lake, achimbe na shimo la kuingia chini ya gari kama mafundi wa Tanga. Mara tatu karani wa boma, Nathanieli, alimrudishia barua. Ya kwanza eti haina stempu. Ya pili stempu ipo, lakini imebandikwa upande. Ya tatu Nathanieli alimnyooshea tu kama mtu anayerudisha sahani chafu.

Basi ikafika 1953, Malkia wa Waingereza anatawazwa, na boma likatangaza maandamano. Wanafunzi, askari, ngoma, na kila mwenye kitu cha kujionyesha. Bwana Hapgudi, mzungu wa shamba la kahawa na mjumbe wa kamati ya mji, kitu alikuwa nacho. Ghalani kwake kulikuwa na gari kuukuu lililoletwa miaka ya ishirini na Mjerumani aliyekuwa na shamba lile kabla yake. Vita vilipoanza Mjerumani alichukuliwa, gari likabaki, kuku wakalirithi.

Akalileta mjini likivutwa na ng'ombe. Mkononi ana kitabu kutoka Uingereza chenye picha ya gari la aina ile likiwa jipya. Akamwambia Darweshi, kwa Kiswahili chake kile cha kuamrishia wapishi, kwamba anataka lirudi kama lilivyokuwa, kila kitu, hata msumari. Likirudi hivyo, yeye Hapgudi atasema neno kwenye kamati na Darweshi atapewa kiwanja.

Kumwambia Darweshi "kama lilivyokuwa" ni kumfungulia mbuzi shamba la kabichi. Alichukua wembe akaanza kukwangua rangi taratibu. Juu kijani, chini yake nyeusi, chini zaidi nyekundu iliyoiva, na hapo akatabasamu peke yake kama kaona mwezi wa Idi. Kila kipande alikiosha, akakifunga kitambaa, akakilaza kwa mpangilio. Hata kiota cha panya alikitoa kwa adabu, kana kwamba panya naye alikuja na meli kutoka Ulaya.

Habari zikaenea kwamba fundi anatafuta vyuma vilivyopotea vya lile gari. Hapo ndipo ungewajua watu wa milima hii. Walileta gurudumu la cherehani. Walileta mfuniko wa birika na mguu wa kitanda. Jamaa mmoja wa Mtae, Mussa, alitembea siku mbili na beseni lililotobolewa katikati, anaapa ni taa ya gari. Darweshi alilinusa.

"Hili limekaa kwenye samadi tangu Jumatatu mpaka Alhamisi."

"Ijumaa," Mussa akasema, akajifutia jasho.

Lakini kulikuwa na jambo linamkera fundi. Nyuma ya gari alikuta matundu mawili ya bolti, na chuma kimelainika kwa kusuguliwa miaka mingi, na tundu la tatu la kupitisha waya. Alipofungua gia, meno ya gia ya kurudi nyuma yalikuwa yameliwa kuliko yote. Kitabu cha Bwana Hapgudi hakina matundu, na meno hakiyaonyeshi. Darweshi akaacha kula vizuri. Gari gani hili lililotembea kinyumenyume kuliko mbele?

Akaambiwa dereva wa yule Mjerumani alikuwa marehemu Mbaraka, na mjane wake, Bibi Mwanamwema, bado yuko hai upande wa Kifungilo. Akaenda. Akaamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, akauliziwa mke, watoto na mahindi, ndipo akaruhusiwa kusema shida yake. Bibi akaingia ndani, akatoka na taa ya shaba iliyopakaa majivu ya jikoni, akamwaga mbegu za maharage zilizokuwa ndani.

"Ya mgongoni hii. Mbaraka aliileta siku bwana wake alipochukuliwa. Alisema wataiba."

"Mgongoni kulikuwa na taa ya nini, bibi?"

"Na wewe unajiita fundi?"

Akamweleza kama anavyoelezwa mtu mgeni wa mambo. Gari lile tangi la petroli liko chini ya kiti, injini iko mbele, na petroli inakwenda kwa kuteremka yenyewe tu. Pua ikiinuka mlimani na tangi halijajaa, petroli inarudi nyuma, injini inakufa kwa kiu. Kwa hiyo kila mlima mkali Mbaraka aligeuza gari, akapanda kinyumenyume. Nyuma kulifungwa kibao cha kukalia utingo, aseme kulia, aseme kushoto, na taa ya kumulikia njia. Miaka kumi na mitano Mbaraka alipanda milima hii ameangalia begani kwake.

"Shingo ikabaki hivyohivyo," bibi akasema. "Watu wakamwona anajivuna, hataki kuwatazama. Hata kaburini, wanamlaza wamwelekeze kibla, shingo inataka kutazama Mombo."

Darweshi alirudi mjini na taa kaikumbatia kama mtoto. Akachonga kibao kipya kwa mbao ya mkulo, akakifunga kwenye matundu yaleyale, akafunga na taa juu yake. Vyote vikakaa sawasawa. Akamwita mwenye gari.

Bwana Hapgudi alizunguka, akafurahia rangi, akafurahia viti, akafika nyuma akasimama. Akafungua kitabu. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Akasema hakuna taa hapa, toa takataka hii. Darweshi akamweleza habari ya petroli na mlima. Mzungu akacheka mpaka akakohoa. Yaani yeye afike bomani mbele ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya, na wageni wote akitanguliza matako? Kitabu kimeandikwa na watu waliosoma.

"Kitabu hakijapanda mlima, bwana," Darweshi akamwambia.

Akaamriwa atoe, akatoa. Gari si lake. Taa akaifunga kitambaa, akaiweka kwenye gunia. Lakini Bwana Hapgudi alikuwa kaja na kibao kingine, kimeandikwa herufi nzuri, cha kutundika ubavuni: Gari hili limerudishwa kama lilivyokuwa, fundi ni Darweshi wa Lushoto. Darweshi akakisoma mara mbili.

"Futa jina langu."

"Wewe taka kiwanja?"

"Nakitaka sana. Ila hivi sivyo lilivyokuwa, na mimi sitaliandikia jina."

Bwana Hapgudi akasema basi, hakuna jina, hakuna kiwanja. Akawasha gari, akaondoka nalo akizunguka uwanja wa soko, kwenye tambarare, ambako hata toroli linakwenda.

Sisi sokoni tulimcheka Darweshi mpaka tukachoka. Mtu kakataa kiwanja kwa ajili ya taa ambayo hata haiwaki. Hamida hakucheka. Alimwambia akalale na taa yake. Jioni mvua ilinyesha, tukamwona anavuta lile gunia huku na kule kama kawaida, na safari hii limezidi uzito.

Siku ya maandamano ukungu uliondoka mapema. Bendera juu, wanafunzi wa misheni wameoshwa wanang'aa, Bwana Disii kakaa juu bomani na kofia yake ya manyoya. Bwana Hapgudi akatokea sokoni, kavaa suti nyeupe, anapunga mkono. Akaanza kupanda kilima cha boma, pua mbele.

Nusu ya kilima gari likakohoa. Likapiga hatua mbili za mlevi, likazima. Likawashwa, likazima. Breki zake ni za zamani, kwa hiyo likaanza kurudi polepole, na bendi ya askari iliyokuwa nyuma ikarudi nalo, matarumbeta yanapiga, wapigaji hawajui waangalie wapi. Tukaweka mawe kwenye magurudumu. Bwana Hapgudi akaita fundi.

Darweshi alikuwa palepale kwenye umati, mikono mfukoni. Akatoka, akainama dirishani.

"Ligeuze, bwana."

Mzungu akasema hapana. Gari likasukumwa na watu kumi, wakachoka kwenye kona. Juu kule Bwana Disii kasimama, anaangalia saa. Basi likageuzwa. Injini ikanguruma kama ina miaka miwili, na Bwana Hapgudi akapanda kinyumenyume mpaka bomani, uso mwekundu, shingo imepinda begani, anawaangalia wageni wa heshima kwa jicho moja. Wanawake wakapiga vigelegele. Bwana Disii, asijue asalimie upande gani, akapigia saluti tairi la akiba.

Sasa sikia ujanja wa Bwana Hapgudi. Alipoulizwa, alijibu kwamba ndivyo gari lilivyokuwa likipanda enzi hizo na yeye kalisoma kitabuni. Bwana Disii, kumbe mpenda vitu vya kale, akafurahi sana, akaomba aonyeshwe ukurasa.

Hakukuwa na ukurasa. Ikabidi mtu aseme jina la fundi.

Jumatatu Nathanieli alitelemka mwenyewe mpaka barazani kwa Mhindi. Bwana Disii anataka Darweshi aje bomani Jumamosi, kuna wageni kutoka Tanga, awaeleze habari za gari na alete hiyo taa inayosemwa. Darweshi alikuwa anasafisha plagi. Akasema angependa, lakini hana pa kufungia spana zake, na hawezi kuziacha barazani kwa mtu. Labda angekuwa na banda.

Nathanieli alirudi bomani, kola imelowa kwa lile bati linalovuja. Hati ya kiwanja ilitoka Jumatano, ina mihuri mitatu, na stempu hakuna aliyeuliza.

Kiwanja chenyewe wamempa bondeni, nyuma ya machinjio, penye nzi na matope, maana kamati haikutaka kushindwa yote. Darweshi akakikubali. Siku ya kupima, Nathanieli alimnong'oneza kwamba ingekuwa vizuri apite kwa Bwana Hapgudi amshukuru. Darweshi akamwambia ashike kamba vizuri, inalegea.