Wavu wa Baba Uwanjani

Shirika la kutunza samaki lilipokuja shuleni kwetu, karibu na mto Ruvubu, lilileta fulana, rula kubwa ya kupimia samaki na ombi la igizo. Mimi nikapewa nafasi ya mvuvi haramu. Mwalimu alisema sura yangu imeshafanya nusu ya kazi.

Wenzangu walitaka nivue kwa gunia. Gunia! Nani atacheka gunia? Nyumbani kulikuwa na wavu wa baba, alioushona mwenyewe kwa vyandarua vya mbu tulivyogawiwa tulalie. Ulikomba mpaka vitoto vya perege visivyofika urefu wa kidole. Ndivyo tulivyokula, maana shamba letu ni mawe matupu. Nikauchukua bila kuaga, nikijua nitaurudisha kabla hajauulizia.

Kijiji kizima kilikuja. Nikauburuta wavu uwanjani, nikamnasa mwalimu wa zamu na kumpima kwa rula.

"Huyu hajafika kimo! Arudishwe majini!"

Watu wakavunjika mbavu. Mama mmoja wa shirika alikuja akifuta machozi ya kicheko, akaushika wavu. Kicheko kikamkauka.

"Huu ni wa kweli. Mmeutoa wapi?"

Mimi, mwenye jibu la kila kitu, nikaanza kuukunja wavu upande wangu. Mwalimu akaniokoa, au alidhani ananiokoa: "Kuna mwananchi ameusalimisha."

"Basi tuuchome hapa hapa, watu waone."

Nikamtafuta baba kwa macho. Alisimama mstari wa pili, kofia mkononi, hatua chache kutoka kwa mgambo. Akisema ni wake, anakamatwa. Akaivaa kofia yake. Wavu ukashika moto upesi, ukayeyuka na kudondoka matone meusi. Watu wakapiga makofi. Baba naye akapiga, polepole, akinitazama.

Yule mama wa shirika hakukosea. Perege walikuwa wanaisha, na baba alijua kuliko rula yao.

Nilifika nyumbani nimejiandaa kwa fimbo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Basi. Alikuwa anafunga jembe kwenye baiskeli.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Nyantakara. Wanatafuta vibarua."

"Mpaka lini?"

"Muulize mvuvi wako."

Akaondoka. Jioni tulikula ugali kwa chumvi, na wadogo zangu, ambao hunitania kwa kila kitu, hawakunitania.