Lugha ya Mabibi

Binti yangu, akiwa na miaka mitano, aliamini kwamba duniani kuna lugha mbili tu: Kifaransa, ambacho ni cha watu wote, na Kiarmenia, ambacho ni cha mabibi. Ndiyo maana tulipofika kwetu Mlalo na mama yangu akatoka jikoni akimwita kwa Kishambaa, mtoto hakushangaa hata kidogo. Alimjibu kwa salamu ya Kiarmenia. Kisha akaninong'oneza kwamba bibi huyu naye anaongea, ila hasikiki vizuri kwa sababu hana meno.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama hakucheka.

"Amesema nini?"

Nilimwambia ameamkia, kwa lugha ya bibi yake wa kule. Mama alitikisa kichwa, maana shikamoo hakuisikia, na kwetu mtoto asiyeamkia ni aibu ya mama yake.

Tunaishi kwenye kitongoji nje ya Lyon, mtaa ambao Waarmenia wameujaza tangu babu zao walipofukuzwa kwao. Wana kanisa lao, duka lao la mikate, shule yao ya Jumamosi ambako watoto wanafundishwa herufi. Mume wangu alizaliwa hapo. Mimi naingia zamu ya alfajiri hospitalini kubadilisha mashuka, kwa hiyo mtoto amelelewa na mama mkwe. Wala si mama mkwe wa visa. Ananipenda, ananifungia chakula cha kazini. Ila siku aliponikuta namwimbia mtoto nyimbo za kwetu, aliniketisha mezani, akaendelea kuviringisha mchele kwenye majani ya mzabibu, akaniambia taratibu, "Nyinyi mko wengi, binti yangu. Sisi tumebaki wachache. Usimchanganye mtoto."

Nilikasirika, na hasira ikakosa pa kwenda. Utabishana vipi na watu ambao nusu ya ukoo wao ilifia njiani? Ukidai chako unaonekana mchoyo. Nikanyamaza mwaka wa kwanza, nikanyamaza wa pili, kinywa kikazoea. Nilijiahidi kitu kimoja tu: siku nitakayomleta Mlalo, mtoto atajua kwamba na hapa ni kwao.

Huo wingi wetu wenyewe sikuuona. Jirani yetu wa Mlalo ana wajukuu sita, na wote wanamjibu kwa Kiswahili cha shuleni. Mama anasema hata gulioni Soni, vijana wanaouza kabichi wakisalimiwa kwa Kishambaa wanacheka. Jirani huyohuyo alikuja kututazama, akakaa, akanywa chai yetu, akasema, "Mwacha asili ni mtumwa." Alikuwa anamtazama mtoto, lakini aliyechomwa ni mimi. Nikamwongezea chai.

Majuma matatu nilikuwa mkalimani. Mama anasema, mimi nageuza kwa Kifaransa. Mtoto anasema, mimi nageuza. Maharage sikuweza kuyamenya kwa amani, hata chooni niliitwa. Ukungu ulishuka mchana na kutufungia ndani sote watatu, na mimi nikiwa katikati yao nilitamani zamu yangu ya hospitalini, ambako mashuka hayasemi. Ulaya nimebanwa na wachache, nyumbani nimebanwa na wengi. Yalikuwa yamenifika shingoni.

Siku moja nikiwa bombani nilimsikia mama akiita kutoka jikoni, "Yegur! Yegur!" Ni "njoo" kwa Kiarmenia. Alikuwa amemsikia mtoto akilitamka neno hilo anapoita kuku, akalishika. Mtoto alikwenda mbio. Nilipaswa kufurahi, na badala yake niliona wivu, kisha aibu juu ya wivu. Mwanamke wa miaka sabini, asiyewahi kuvuka Tanga, amejifunza Kiarmenia kwa sababu bintiye alishindwa kufundisha Kishambaa.

Asubuhi ya kuondoka, gari la kutupeleka Mombo lilikuwa linanguruma barabarani. Mama alimshika mtoto kichwa kwa mikono miwili, akaongea naye kwa Kishambaa, polepole, muda mrefu. Alimwambia kwamba kipande cha shamba chini ya barabara, kile chenye migomba, ni chake. Kwamba babu yake amezikwa pale juu, na yeye mwenyewe atalazwa ubavuni mwake. Kwamba akija siku yoyote, hata akiwa mzee, hata asipojua neno lolote, asibishe hodi, maana hapa si mgeni.

Mtoto alinigeukia. "Bibi anasema nini?"

Ndilo neno lililonifanya nimlete kutoka Ulaya. Lakini mtoto wangu husimulia kila kitu mezani kwa mama mkwe, na nilishaiona sura ya yule mama akiambiwa kwamba mjukuu wake ana kwao kwingine.

"Anasema safari njema," nikasema.

Mama alisubiri. Alitutazama kwa zamu, mtoto kisha mimi.

"Yote yale niliyosema, mbona umeyafupisha hivyo?"

Nikamjibu kwamba lugha yao ndivyo ilivyo, ni fupi. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kumwambia mama kwa Kishambaa.