Kitambaa cha Ishirini na Moja

Hospitalini walimwita Mama Hesabu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa nesi wa chumba cha upasuaji, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu. Kabla mgonjwa hajapasuliwa, anahesabu kwa sauti vitambaa vyeupe vya kufyonzea damu. Kabla hajashonwa, anavihesabu tena. Hesabu zisipolingana hakuna kushona, hata daktari awe anachelewa harusini kwake mwenyewe. Wenzake walimtania kwamba hata nyumbani huhesabu maharage sufuriani. "Chekeni tu," aliwajibu. "Siku mkilazwa pale mezani mtaniheshimu."

Sasa sikilizeni jinsi furaha inavyoweza kumponza mtu. Jumatano asubuhi, kabla hajanawa mikono, mkwewe alimpigia simu. Binti yake wa pekee, baada ya kusubiri miaka kumi na moja, amejifungua mtoto wa kike, wote salama. Weee! Mama Hesabu aliruka utadhani magoti si yale mabovu ya jana. Alimshukuru Mungu kwa sauti mle ukumbini mpaka mfagizi akaitikia amina. Akaingia kazini meno yote nje. Vitambaa vile huja vifurushi vya vitano vitano, vimefungwa uzi, na sharti ufungue uzi uvitenganishe kimoja kimoja. Siku hiyo aligusa vifurushi kwa kidole tu. "Tano, kumi, kumi na tano, ishirini!" Mwisho wa kazi akahesabu vilivyotumika, akapata ishirini. Mgonjwa akashonwa.

Kesho yake saa tatu asubuhi alifungua kifurushi kutoka katoni ileile ya jana. Akavitenganisha. Sita. Akarudia. Sita. Akafungua kingine, vitano. Kingine, vitano. Kiwandani kuna mtu alikosea, sawa, lakini kazi yake yeye ilikuwa kulinasa kosa hilo, na jana hakufungua uzi hata mmoja. Vya jana vilikuwa ishirini, au vilizidi na kimoja kikabaki tumboni? Hakuna aliyejua.

Akaenda wodini akijifanya anatafuta mkasi. Mgonjwa wa jana, mama kijana aliyetolewa uvimbe, alikuwa kitanda cha nne, midomo imemkauka.

"Tumbo linauma sana, mama," alisema. "Ndivyo inavyokuwa?"

Kwenye kadi yake, homa ilikuwa imepanda tangu alfajiri. "Daktari atakuja kukuona," Mama Hesabu alimjibu, akatoka nusura akimbie.

Aliogopa, jamani, siwafichi. Aliogopa kufukuzwa kazi, aliogopa polisi, aliogopa binti yake apate habari hizo akiwa bado kitandani na kichanga chake. Kuliko yote aliogopa yule mama kijana asije akafa. Na shetani hana likizo, akaanza kumpigia hesabu zake: homa ya siku ya kwanza ni kawaida, nani atajua, nyamaza. Alijifungia stoo ya mashuka akapiga magoti kwenye saruji.

"Mungu wangu, ifanye isiwe. Ifanye iwe ishirini."

Papo hapo akaona haya. Kitambaa kama kimo, kimo, naye anamwomba Mungu amsaidie kuficha! Jana alimshukuru ukumbi mzima ukasikia, leo anamnong'oneza kama mwizi. Akaanza upya. "Baba, siwezi. Nipe nguvu ya kufika tu kwa daktari. Mengine unayajua wewe." Hofu haikupungua hata chembe. Lakini alisimama, akafungua mlango, akaenda.

Daktari mpasuaji walimwita Radi, na mkimsikia akigomba hamtauliza kwa nini. Mama Hesabu alimweleza yote akiwa bado mlangoni. Akasubiri ngurumo. Radi hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Apigwe picha sasa hivi," alisema. "Wewe leo huingii kule ndani."

Picha haikuacha shaka: kitambaa kilikuwa kimejikunja nyuma ya utumbo. Mama kijana akarudishwa mezani.

Kwenye benchi la nje alikaa mumewe, kinyozi, nywele za wateja bado zimemganda mikononi. Alipoona sare ya nesi alishusha pumzi. "Wananiambia kuna kitu kimesahaulika tumboni. Mama, kaa tuombe. Peke yangu hata sijui nianzie wapi."

Angeweza kukaa tu akaomba. Nani angemsuta?

"Mwanangu," alisema, "aliyehesabu vibaya ni mimi."

Kinyozi aliinuka, amekunja ngumi, akaenda hadi dirishani. "Ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nimepata mjukuu."

Kijana akarudi, akakaa ncha ya pili ya benchi, mbali naye. "Omba basi," alisema. "Lakini omba kwa sauti, nikusikie."

Akaomba. Sauti ilimkatika mara tatu, akaomba hivyohivyo, akimwombea mke wa watu tu, si nafsi yake, hadi mlango ukafunguliwa.

"Kimetoka," Radi alisema akivua kofia. "Hakujaharibika kitu. Kingekaa hadi kesho, tungekuwa na maneno mengine." Akamgeukia nesi. "Jumatatu saa mbili, mbele ya kamati ya nidhamu. Sitakutetea na sitakuongezea kosa." Akaenda zake.

Kinyozi alilia bila kujificha, akajipangusa kwa mkono wa shati. Alipoinua uso alimwona Mama Hesabu ameduwaa palepale benchini.

"Nini tena, mama? Si amepona?"

"Amepona, Mungu asifiwe," alisema. "Ni mimi. Naiogopa hiyo Jumatatu."

Kijana alimtazama. Kisha akasogea, akasogea tena, mpaka akakaa ubavuni kwake.

"Haya, fumba macho," alisema. "Sasa tunakuombea wewe."