Kuku wa Angetile, Si wa Andongwisye

Nani kawaambia hawa kuku ni wa Andongwisye? Njisi nzima, mtu akiwa na kuku mwenye shingo tupu isiyo na manyoya, basi anatamba: "Hii mbegu ya mzee Andongwisye." Mbegu gani! Mzee huyo ni babu wa baba yangu, damu yangu mwenyewe, na bado nasema hadharani: hakuwahi kulea hata kifaranga kimoja kikamshinda mwewe. Kuku walikuwa wa bibi yangu, Angetile. Na hawa mnaowatambia si wale. Wale waliisha, na najua waliishia wapi.

Bibi alitoka kijiji cha Ngonga kuolewa huku Njisi na babu yangu Aliko, Wajerumani wakiwa wameshajenga boma lao kule milimani. Alikuja na tembe wawili weusi, kishingo, aliopewa na mama yake. Wiki hiyo hiyo mkwewe, Andongwisye, akatuma jogoo mwekundu, kwamba ndiye awe baba wa kuku wote wa nyumba ile. Bibi akampapasa kifua, akamtazama miguu. Vijiti vitupu! Jioni jogoo alikuwa chunguni. Aliko alikula, akanywa na mchuzi, ndipo akauliza ni jogoo gani. Kesho yake habari zikamfikia mzee, na tangu siku hiyo yeye na bibi walichukiana mpaka kaburini.

Chuki yao haikuwa ya kutukanana, maana kwetu mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawasalimiani, hawaonani. Mzee akikohoa njiani, mkamwana anaingia migombani, anajifunika kichwa, anampa mgongo mpaka apite. Na mzee naye akimwona mkamwana lazima ageuke. Ndiyo maana vijana walijenga kijiji chao mbali na cha baba zao. Miaka minane bibi hakuijua sura ya mtu aliyemchukia.

Miaka hiyo minane alikuwa akitengeneza kuku. Jogoo alimtafuta mwenyewe kwa wavuvi wa ziwani, mrefu, mweusi, mtulivu, akamnunua kwa mpunga. Baada ya hapo alichagua bila huruma. Kuku akiyaacha mayai kwa sababu radi imepiga, chungu. Jogoo akila kabla hajawaita wenzake, chungu. Maji ya masika yanaingia mpaka ndani ya nyumba huku kwetu, kwa hiyo kuku aliyeatamia chini akang'ang'ania hapo hapo mpaka mayai yakaelea, naye chungu. Mwishowe alipata kuku wanaofika magotini, wasiohangaishwa na joto, na mama zao wakisikia maji yanakuja wanawaita vifaranga juu ya ghala.

Watu wakaja kuomba mbegu. Aliwapa nyama, mbegu hakumpa mtu. Hata dada yake Marta alirudi Ngonga mikono mitupu, tena akilia. Hapo simtetei bibi. Alikuwa mchoyo, na uchoyo ule umetugharimu. Majirani walimcheka wakasema Angetile akipotelewa na mtoto ataulizia, akipotelewa na kuku atajigaragaza. Mtoto mwenyewe alikuwa mmoja, Anyisile, baba yangu.

Kisha vikaja vita vya Wazungu. Askari wa Mjerumani walipita Njisi wakienda mpakani, wana njaa, wakataka kuku. Andongwisye akaona pa kujipendekezea. Mara ya kwanza bibi alikuwa shambani. Mzee aliingia uani kwake akatoa jogoo na mitetea wote, akabakiza mtetea mmoja na pora, jogoo mchanga. Mara ya pili bibi alirudi mapema. Akamkuta yumo ndani ya ua, mtetea wa mwisho mkono huu, pora wa mwisho mkono huu, na askari wawili nje wanasubiri.

Alipaswa kugeuka. Hakugeuka. Alitua jembe, akavua nguo aliyojifunika kichwani, akasimama katikati ya mlango wa ua, mlango wenyewe mmoja, akamkazia macho.

Mzee akageukia ukuta wa nyumba. "Mwondoeni mwanamke huyu!" akauambia ukuta.

Bibi naye akasema na mtetea: "Wewe kuku, mwambie aliyekushika akuweke chini. Mimi nipo hapa, sina haraka."

Apite vipi? Amsukume mkamwana wake? Askari walianza kucheka. Mwisho mzee aliwatupa kuku, akapiga magoti, akatoboa uzio wa matete kwa nyuma, akatoka kwa tumbo, makalio juu. Laiti ningekuwepo! Askari wakaenda kutafuta kuku kwingine, bado wanacheka.

Kesho yake wazee walikaa. Wakaamua Angetile arudishwe kwao, mtoto abaki, kuku wabaki, maana vyote ni vya ukoo wa mume. Aliko alikuwepo. Hakufungua mdomo, bwege yule! Pora alichinjwa siku hiyo hiyo, Andongwisye akamla mbele ya wazee ili kuondoa aibu, na mtetea akamchukua kwake.

Huko Ngonga bibi alilia mwezi mzima. Habari zikamfikia Aliko. Siku moja akatokea, tope mpaka magotini, amekumbatia kitu ndani ya nguo. Akafunua. Alikuwa yule mtetea mweusi. Amemwiba kwa baba yake.

"Mama Anyisile, nimekuletea," alisema, anatabasamu. "Najua ulichokuwa unalilia."

Bibi alimtazama kuku. Akatazama nyuma ya mumewe, njiani. Hapakuwa na mtu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto? Yupo nyumbani, anakula vizuri tu. Mimi nilidhani..."

"Ulidhani!"

Akampokea kuku. Miaka minane yote ilikuwa imebaki kwa kuku huyo mmoja, na hapo Ngonga, kwa mama yake bibi, walikuwepo majogoo kishingo. Angeweza kuanza upya. Akachukua kisu akamchinja. Alimpika, akamwekea Aliko, akamsimamia mpaka alipomaliza.

"Umeshiba?"

"Ndaga, asante, mama. Nimeshiba."

"Haya. Sasa sina kuku. Nenda kaniletee mwanangu."

Aliko alimleta siku ya tatu, amembeba mabegani, na hakurudi tena Njisi kwa baba yake.